Asiyeitwa Hayumo

Palikuwa na nchi nyepesi. Nyepesi kweli, si mchezo: upepo wa kaskazini ukivuma, wapima ardhi hutoka mbio na mawe kuikandamiza ramani isije ikapeperuka. Zamani ilikuwa nzito kama nchi nyingine, ina vinyozi, ina mabwana shamba, ina watu wanaokaa barazani bila sababu ya maana. Lakini siku moja Mtukufu Rais alipanda juu ya mizani ya kupimia pamba, akautazama mshale, akashtuka, akasema, "Nchi hii ni nzito mno." Wapambe wakapiga makofi. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba aliyekuwa juu ya mizani ni yeye.

Basi ikaundwa Wizara ya Wepesi. Wizara ikaiandika nchi nzima ndani ya programu moja ya kompyuta. Kila mtu, kila kisima, kila kituo cha reli kikatiwa humo kwa jina lake. Na kwa kuwa programu nzito huichosha mashine, ikatungwa sheria ya maneno mawili, ikabandikwa hadi kwenye milango ya vyoo vya soko: ASIYEITWA HAYUMO. Maana yake ni kwamba mara moja kwa mwaka mashine huipitia programu yote, na jina lolote lisiloitwa na jina jingine hufyekwa. Zoezi hilo likaitwa Mfyeko, na siku yake ikawa sikukuu.

Mfyeko wa kwanza ulifana sana. Zimamoto walifyekwa, maana mwezi ule hapakuwa na moto. Moto ulipotokea kwenye ghala la pamba uliwaita kwa sauti kubwa, lakini wao hawakuwamo, na gazeti la serikali likausifu moto kwa kuchangia kupunguza uzito wa ghala. Kisima cha Mbwerani kilifyekwa wakati wa masika, kwa sababu masika hakuna anayekiita kisima. Kiangazi wanakijiji wakaenda na ndoo zao, wakamkuta askari amesimama kando ya maji.

"Haya maji hayapo," aliwaambia kwa upole.

Wakayatazama. Wakarudi.

Reli nayo ilifyekwa, na hapo ndipo mambo yanapomgusa Mama Chande.

Mwanawe wa pekee, Chande, alikuwa mshika bendera pale barabara inapokatiza reli. Bendera mbili, nyekundu ya kusimamisha magari, ya kijani ya kuyaruhusu. Reli ilipofyekwa hakuna aliyekumbuka kumwambia. Miezi minane alisimama pale na bendera zake akiisubiri treni, mpaka siku mafundi walipokuja kung'oa mataruma chini ya miguu yake. Alirudi nyumbani, akazikunja bendera vizuri, akamkabidhi mama yake.

"Nakwenda ng'ambo ya mpaka, mama. Kule nasikia bado wana treni."

"Utarudi lini?"

"Nikipata. Nisipopata, pia nitarudi."

Miaka kumi na mmoja ikapita. Alituma barua moja, mistari minne, ameandika kwamba hajapata ila hajakata tamaa.

Mama Chande hakuwa mtu wa kulialia. Aliisuuza bendera ya kijani kila mwezi isipauke, ile nyekundu akaifanyia kitambaa cha kushikia sufuria. Mumewe, Mzee Musa, aliyekuwa mpima pamba kiwandani, ndiye aliyekuwa akiulizia habari za mtoto. Kisha Mzee Musa naye akafa, kwa ustaarabu, mchana, akiwa amemaliza uji wake. Arobaini ilipopita, ikaja bahasha ya Wizara.

"Tunayo furaha kukuarifu kwamba jina CHANDE MUSA halina tena anayeliita, na litafyekwa katika Mfyeko ujao. Hongera kwa mchango wako katika wepesi wa taifa."

Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi chini. Maana kila mtu nchini anajua: langoni pa kuingilia, mashine huulizwa kwanza. Jina likikosekana, mwenye jina haingii, hata akiwa amesimama pale na pua yake na masikio yake. Na Chande alisema atarudi.

Alijitanda khanga, akaenda wizarani.

Bahati yake, siku ile Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Ponera, alikuwa akisikiliza wananchi, kazi aliyoifanya mara moja kwa mwaka mbele ya wapiga picha. Alikuwa mtu mkubwa, amekalia kiti chembamba ili kuonyesha mfano.

"Mama," alisema Waziri, "ondoa hofu. Serikali hii haimfuti mtu. Serikali inampumzisha na mzigo wa kuwepo."

"Na akirudi, Mheshimiwa?"

"Akirudi atakuwa hajaondoka. Kwa maana hakuwemo. Huoni unavyopungukiwa na machungu?"

"Mimi ni mama yake, Mheshimiwa. Namwita kila siku. Nikiweka chungu motoni namwita, nikifagia namwita."

Waziri akageukia wapiga picha. "Mnaona? Raia wetu ana sauti!" Wakapiga picha. Kisha akamwelekeza ofisi ya chini kabisa, kwa Fundi Ngwali.

Fundi Ngwali ndiye aliyekuwa akiiandika programu ya Dola kwa mkono wake. Alikuwa mwembamba, ana chupa ya chai na macho ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Kila jina lililofyekwa alilinakili pembeni kwenye kijidaftari chake mwenyewe, kosa ambalo lingemtia matatani. Alimpa Mama Chande kiti chake, yeye akakalia boksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka jina la Chande libaki."

"Libaki lango gani?"

"Kwani kila lango lina orodha yake ya majina?"

Fundi akahema. Akamweleza polepole. Maandishi yake yeye, mashine haiyaelewi hivi hivi. Lazima yapite kwenye kompaila, yaani programu nyingine inayoyasoma na kuyageuza kuwa lugha ya mitambo. Na ndiyo hiyo hiyo inayofyeka. Nchi ina malango matatu, na kila lango lina kompaila yake, msaada kutoka kwa rafiki tofauti. Ya Lango la Mchanga watu huiita Mjomba. Ya Lango la Mawe, Shemeji. Ya Lango la Mto, kwa kuwa ni kuukuu, Bikizee.

"Na hawapatani," alisema Fundi. "Anachokikubali Mjomba, Shemeji hakijui. Mwanao atapitia lango gani?"

"Nitajuaje? Aliniaga mlangoni mwangu, si langoni mwao."

"Basi tutamlinda kote kutatu."

Wakaanza na Mjomba. Mjomba alikuwa na muhuri wake: ukiandika juu ya jina ATUMIKA, analiacha, hata kama halifanyi kazi yoyote. Fundi akaandika. Mjomba akasoma, akalipitisha jina la Chande bila neno. Mama Chande akapiga kigelegele kifupi, akaziba mdomo.

Wakampelekea Shemeji maandishi yale yale. Shemeji akajibu kwenye kioo: "Onyo: muhuri mgeni. Nimeupuuza." Na jina akalifyeka.

"Huyu ana kiburi," alisema Mama Chande.

"Si kiburi, mama, ana muhuri wake. Kwake inaandikwa USIGUSE."

"Si maana ni moja?"

"Mama, ingekuwa maana ni moja, mimi ningekuwa nakula kwangu saa saba mchana kama watu."

Akaandika mihuri yote miwili, ule wa Mjomba na ule wa Shemeji, na maelezo ya nani asome upi. Shemeji akakubali. Ikabaki Bikizee. Bikizee akaipokea mihuri yote kwa adabu, akalitunza jina, akalibeba vizuri. Lakini nyuma yake alikuwako Mwunganishi. Huyu kazi yake ni kuchukua vipande vyote na kuvishona kuwa programu moja, na ana ufagio wake. Yeye hasomi mihuri. Huanzia Ikulu, akafuata uzi: Ikulu inamwita nani, huyo naye anamwita nani, mpaka chini. Ambaye uzi haumfikii, nje.

"Mwambie mimi namwita," alisema Mama Chande. "Weka hapo: Mama Chande anamwita Chande."

Fundi akaandika. Kioo kikajibu: "Mwitaji hajulikani."

"Ebo! Ananitukana?"

"Hana adabu huyo, tumzoee tu," Fundi alisema, akafuta. Wote wawili wakalipita neno lile kama mtu anavyopita shimo wakati anatazama mbele. "Tutumie hila. Tutaandika: *ikiwa* kitu fulani kitatokea, Chande aitwe. Si lazima kitokee. Muradi wito uwepo."

Akaandika: *ikiwa jua litachomoza magharibi, aitwe Chande.* Bikizee akatafakari, akaona jua halichomozi magharibi, akafyeka. Akaandika: *ikiwa Waziri atatimiza ahadi, aitwe Chande.* Hiyo Bikizee hakuitafakari hata kidogo.

Mama Chande akacheka hadi khanga ikamdondoka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

"Anajua kila kitu, bibi huyu," alisema Fundi, naye akicheka. "Nahitaji kitu asichoweza kukikisia. Sisi mafundi tunakiita kigeugeu. Kitu ambacho hakuna ajuaye kesho kitakuwaje. Hapo mashine huogopa, haigusi."

"Kigeugeu?" Mama Chande alifikiri. "Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kirobo. Akiamka vizuri anasalimu mtaa mzima mpaka mbuzi. Akiamka vibaya hamsalimu hata mkewe. Miaka thelathini hatujajua kanuni."

Fundi aliweka chini kikombe cha chai.

Kwa sababu uzi wa Ikulu ulimfikia balozi. Ikulu ilimwita Waziri, Waziri akamwita mkuu wa mkoa, na kuendelea hivyo hadi kwa Mzee Kirobo na hasira zake. Fundi akaandika: *ikiwa Balozi Kirobo atasema "Mama Chande, hujambo", aitwe Chande.* Bikizee akasoma. Mwunganishi akaufuata uzi kutoka Ikulu, akafika kwa Kirobo, akasita, akamzunguka kama mbwa anavyomzunguka nungunungu. Akaliacha jina.

Wakajaribu kwa Shemeji, likabaki. Wakajaribu kwa Mjomba, likabaki.

"Niandike na mwombaji," alisema Fundi, akiwa amechangamka. "Jina lako, mama?"

"Mama Chande."

Akaandika hivyo hivyo. Naye hakuona kosa. Katika nchi ile, kama katika nchi nyingi njema, mwanamke akishazaa jina lake huwekwa kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Mtaani Mama Chande, sokoni Mama Chande, msibani Mama Chande. Hata hospitali.

Lakini alikuwa na jina. Aliitwa Sikujua. Mama yake alimzaa akidhani amekwisha kujifungua. Mkunga alikuwa anamfunga kitambaa pacha wa kwanza, yeye akateleza nje kwa utulivu. "Sikujua kama wako wawili!" mama alisema, na hilo likawa jina. Waliokuwa wakimwita Sikujua walikuwa watatu: mama yake, pacha mwenzake, na Mzee Musa, tena Mzee Musa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Wote sasa wako udongoni.

Siku ya Mfyeko kulikuwa na bendi na hotuba. Waziri alitangaza kwamba taifa limepungua kwa majina elfu tisa na mia nne, na umati ukashangilia, kila mtu akimtazama jirani kwa jicho la pembeni. Mama Chande hakungoja ngoma. Alikwenda Lango la Mto, ndilo la karibu na kwake, akasimama dirishani kwa Karani Tindwa, kijana safi aliyenyoosha shati hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

"Nitafutie Chande Musa, baba."

Karani akabonyeza. "Yumo."

"Na Mchanga? Na Mawe?"

"Yumo. Yumo. Yumo kote."

Mama Chande alishika ukingo wa dirisha. Alitaka kumbusu Karani, akabusu ukuta.

"Nani anaulizia?" Karani akasema, kalamu tayari. "Lazima niandike. Jina lako kamili, la kuzaliwa."

Ilimbidi akumbuke. "Sikujua. Sikujua binti Mfaume."

Karani akabonyeza. Akabonyeza tena. Akamtazama, kisha akatazama nyuma yake, kama mtu anayesubiri wa kwanza kwenye foleni afike.

"Anayefuata!" alisema.

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Fundi Ngwali alipopata habari aliinamisha kichwa juu ya meza. "Nilikuuliza jina, mama," alisema. "Nilikuuliza."

"Nami nikakujibu lile ninaloitikia. Kosa la nani hapo?"

"Mbona hukuletewa barua?"

Iliyopaswa kujibu hilo ni kanuni, na kanuni ilikuwa wazi: anayefyekwa haandikiwi, kwa kuwa barua ikifika atakuwa hayupo kuisoma. Na kuwamo kwa mwanawe hakukumsaidia. Wizara iliheshimu sana mila. Katika programu ya Dola mzazi humwita mtoto, lakini mtoto hamwiti mzazi wake kwa jina. Utovu wa adabu huo. Uzi ulishuka kwa Chande, haukupanda.

"Nitakurudisha Mfyeko ujao," alisema Fundi. "Mwaka mmoja, mama. Naapa."

"Usihangaike, mwanangu. Jina lenyewe nilikuwa silitumii." Akaitengeneza khanga. "Muradi lango linamjua yeye."

Asiyekuwamo hafukuzwi. Serikali haina ukatili huo. Anaachwa tu. Foleni ya bombani inamruka, duka la ushirika linatazama ukuta nyuma yake. Majirani walionywa kwamba kumsalimu mtu asiyekuwamo ni kuongeza uzito. Mzee Kirobo aliisikia amri hiyo mkutanoni, na kesho yake aliamka vibaya kuliko siku zote. Alipita mbele ya mlango wa Mama Chande, akiwa amekunja uso, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "MAMA CHANDE, HUJAMBO!" Akaenda zake. Kwa Kirobo, hata wema ulikuwa ni ugomvi.

Mwezi wa tatu baada ya Mfyeko, alasiri, kipaza sauti cha Lango la Mto kilikoroma, kikasema: "Chande Musa. Yumo. Asogee dirishani."

Mama Chande alikuwa anachambua mchele. Ungo ulibaki ukizunguka peke yake. Alichukua bendera ya kijani, akakimbia jinsi miguu ya miaka sitini na saba inavyokimbia, na alipofika kwenye uzio wa waya, upande wa ndani, alimwona.

Alikuwa amenenepa shingoni. Ndevu zina mvi. Alisimama dirishani, mguu mmoja mbele, vile vile alivyokuwa akisimama relini.

"Chande Musa," Karani Tindwa alikuwa akisema, "umo. Karibu nyumbani. Sasa nitajie mwenyeji wako."

"Mwenyeji wa nini? Mimi ni wa hapa."

"Kila anayeingia hupokewa na aliyemo. Nani anakupokea?"

"Baba yangu, Mzee Musa, mpima pamba."

Karani akabonyeza. "Huyo amekufa. Pole. Mwingine?"

Chande akavua kofia, akaishika. "Basi mama," alisema. "Mama yangu."

"Mama ni cheo, si jina. Anaitwa nani?"

"Mama Chande. Uliza mtu yeyote mtaani."

"Chande ni wewe. Mtu hawezi kujipokea mwenyewe." Karani alisema bila ubaya. "Jina lake la kuzaliwa."

Kwenye uzio, Mama Chande alipanda juu ya jiwe. "Chande!" aliita. Jenereta la lango lilikuwa linanguruma, sauti ikapotelea humo. Akaipunga bendera. "Chande, baba, mimi hapa!"

Chande aliifinya kofia. Alitafuta. Ungeweza kuona anavyotafuta, mtu mzima, akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka, jikoni, kisimani, msibani kwa bibi, akisikiliza watu wanamwita mama yake nani. Kila mahali aliwasikia wakitaja jina lake mwenyewe.

"Ndugu," alisema mwishowe, "sikujua..."

Alitaka kusema sikujua kama nitaulizwa. Au sikujua kumbe silijui. Hakumaliza, maana Karani Tindwa, kijana mwepesi wa kazi, alikuwa ameshainamia mashine na vidole vinabonyeza.

"Sikujua," alirudia Karani kwa sauti, herufi moja moja, na kipaza sauti, kama kanuni inavyotaka jina la mwenyeji linapotajwa, kikalichukua neno hilo na kulitangaza juu ya lango lote, juu ya jenereta, juu ya mto: "SIKUJUA."

Muda ulikuwa umepita tangu Mama Chande aitwe hivyo. Mama yake hayupo, pacha wake hayupo, Musa hayupo.

"Abee!" aliitika yule mwanamke kwenye uzio, kwa sauti ya msichana anayeitwa na mama yake kutoka uani. "Abee! Niko hapa! Abee!"

Chande aligeuka.

Karani aliisubiri mashine muda uliowekwa kisheria. Kioo kilibaki cheupe. Akachukua kalamu, akachora mstari ulionyooka chini ya jina la Chande, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Mwenyeji ameitwa. Hakuitika mtu.*